Sonona si neno la hapa: shajara ya maombi ya uzamili kutoka Nakivale

2 Septemba

Leo nimenunua daftari la kurasa 96 na faili la plastiki lenye kifungo, na hivyo mradi umeanza rasmi. Mwaka mzima nimekuwa nikisema "mwakani naomba", na mwakani yenyewe imefika, imekaa kitako, inanitazama.

Nijieleze kidogo, ili nikirudi kusoma nikumbuke nilianzia wapi. Nina shahada ya kwanza ya saikolojia kutoka chuo kimoja cha Kampala, wastani wa 4.02 kwa mizani yetu ya 5, daraja la pili la juu. Mwaka wa tatu huu niko Nakivale, wilaya ya Isingiro, msaidizi wa kisaikolojia katika shirika linalohudumia wakimbizi. Kazi hii niliipata kwa ulimi kuliko kwa cheti. Mzee wangu alikuwa askari, na sisi watoto wa kambi za jeshi tulikijua Kiswahili kabla ya Kiingereza. Mtaani Mbarara watu wakikisikia walishtuka, maana kwa miaka mingi Uganda Kiswahili kilikuwa lugha ya mwenye bunduki. Hapa Nakivale kimekuwa lugha ya kuulizana hali. Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda, wote tunakutana humo.

Lengo: Septemba ijayo niwe darasani Ulaya, kwa ufadhili kamili. Bila ufadhili hakuna safari.

8 Septemba

Bando la wiki nzima nimelimaliza kwa siku mbili nikisoma tovuti za vyuo. Nilianza na programu kumi na moja, nimebakiza mbili.

Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, nimeiweka kando mwaka huu. Sifa ninazo, maana wanataka saa 2,800 za kazi na mimi nimezipita, lakini wanataka pia insha nne, na nikiandika insha nne hizo sitaandika kingine. WOP-P, ile ya saikolojia ya kazi na mashirika inayoratibiwa na chuo cha Valencia, ni nzuri kwa mtu anayetaka kuajiri na kupima wafanyakazi. Si mimi. Nilisimama muda mrefu kwenye Global-MINDS, inayoratibiwa na Iscte ya Lisbon, kwa sababu inazungumzia saikolojia ya uhamaji, ujumuishaji na utofauti wa watu. Nilisoma maelezo yake nikiwa nimeketi kwenye benchi la mapokezi, mbele yangu foleni ya watu waliovuka mpaka wa Kongo mwezi uliopita.

Programu ya kwanza niliyoibakiza ni hiyo, iliyo chini ya Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya: miaka miwili, nchi mbili au zaidi, alama 120 za ECTS (kipimo cha masomo cha Ulaya), na mwenye ufadhili hupata euro 1,400 kwa mwezi, hadi miezi 24. Tiketi, viza na pango vinatoka humo humo. Ya pili ni uzamili wa utafiti wa chuo kimoja cha Uholanzi.

Jambo moja nililiandika kwa wino mwekundu. Shahada nyingi za kimataifa za saikolojia hazikupi leseni ya kutibu. Ulaya kila nchi ina sheria yake, na hata EuroPsy, cheti cha Ulaya cha wanasaikolojia, kinadai miaka mitano ya masomo ya saikolojia na mwaka mmoja wa kazi chini ya msimamizi. Namjua mtu aliyerudi na shahada yenye neno "saikolojia" mbele na nyuma, akaja kugundua kwamba alichosomea ni takwimu za tabia za wanunuzi. Anafanya kazi nzuri, lakini siyo aliyoiendea. Mimi nataka utafiti, kwa hiyo najua ninachokikosa.

21 Septemba

Hesabu ya alama. Programu ya Uholanzi inataka mwombaji aoneshe kwamba amesoma takwimu na mbinu za utafiti za kutosha, kwa ECTS. Sisi tunahesabu kwa krediti, moja ikiwa saa 15 za darasani. ECTS moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yote ya mwanafunzi, darasani na nyumbani, na mwaka mzima ni 60. Huwezi kuzidisha tu ukamaliza. Krediti yetu haijui kama nililala nikisoma au nililala tu.

Nilichofanya ni jedwali: jina la somo, krediti, saa za darasani, mada zilizofundishwa, kitabu kilichotumika, programu ya kompyuta. Takwimu I, Takwimu II, Mbinu za Utafiti, Upimaji wa Kisaikolojia, tasnifu. Kazi ilikuwa kupata maelezo rasmi ya masomo. Nilimpigia mwenzangu wa darasa anayehifadhi kila kitu, hata risiti za rolex (chapati yenye mayai) za mwaka wa kwanza ukimwambia atakutafutia. Alikuwa na kitini chote, kurasa 64, amekipiga picha moja moja. Mungu amzidishie.

5 Oktoba

Kiingereza. Nimesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, nikafanya mitihani ya taifa ya UNEB kwa Kiingereza, nikaandika tasnifu kwa Kiingereza, na sasa nitafute cheti kuthibitisha kwamba nakijua. Orodha ya Uingereza ya nchi ambazo wenyeji wake hawadaiwi cheti hicho haina hata nchi moja ya Afrika. Sikasiriki. Nimeandika tu.

Programu ya Erasmus inakubali barua ya chuo kwamba masomo yote yalifundishwa kwa Kiingereza. Ya Uholanzi haikubali. Basi nimejiandikisha mtihani wa Kiingereza wa IELTS, Kampala. Kwa yeyote anayekuja nyuma yangu: uliza barua kwanza, kabla ya kulipa mtihani, na kumbuka matokeo yanahesabika miaka miwili tu, usiyafanye mapema ukayaacha yakachacha.

19 Oktoba

Safari ya Kampala, mambo mawili kwa nauli moja.

Mtihani ulikwenda. Kusikiliza, kusoma, kuandika, halafu mazungumzo na mtu mmoja kwa dakika kumi na kitu. Aliniuliza nieleze mahali ninapopenda kwenda kupumzika. Nikasema ziwa Nakivale jioni, wavuvi wakirudi. Akaniuliza ni nini kinachonipumzisha pale, nikajikuta natafuta neno la Kiingereza la *kutua*, siyo ndege kutua, moyo kutua. Sikulipata. Nilisema "calm" nikaendelea, lakini swali hilo nilirudi nalo kwenye basi hadi Lyantonde.

La pili ni transkripti, hati ya matokeo yangu ya chuo. Chuo kilinipa nakala yenye kosa: Takwimu II imeandikwa krediti 3, nayo ni 4. Dirisha la kwanza likanituma la pili, la pili likanituma kwa idara, idara ikasema afisa yuko semina Entebbe. Nimeacha barua. Jumatatu nyingine nitampigia, na Jumatatu itakayofuata, mpaka anichoke.

17 Novemba

Barua ya kujieleza. Hapa ndipo nimeumia, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Rasimu ya kwanza ilianza: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kusaidia watu." Niliituma kwa mhadhiri aliyesimamia tasnifu yangu. Alirudisha na maneno matatu pembeni: "Mimi pia. Endelea." Nikacheka, kisha nikafuta ukurasa mzima.

Rasimu ya pili nilitaka iwe na nguvu. Niliweka mama mmoja wa hapa, nikaeleza njia aliyotembea na watoto aliowapoteza. Ilikuwa ya kuliza. Nikaisoma usiku kwa sauti, nikaona aibu. Yule mama alinieleza mambo yale nikiwa nimefunga mlango na kumwahidi kwamba yatabaki mle. Nikajiona kama mchoma mkaa aliyeingia msitu wa jirani na shoka. Nikaifuta nayo. Kama kamati inahitaji machozi ya mtu mwingine ili inione mimi, basi wanione hivyo hivyo kavu.

Ikabaki karatasi tupu na swali la IELTS, lile la neno nililolikosa. Ndipo nikakumbuka sonona.

Kazini tunatumia dodoso la PHQ-9, la kupima sonona. Maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla haizidi 27, na 10 ndiyo mpaka unaotumiwa sana kumpeleka mtu mbele, kwa uchunguzi zaidi. Karatasi tuliyoachiwa ilikuwa na tafsiri ya Kiswahili safi kabisa cha vitabuni, na swali la pili lilikuwa na neno *sonona*. Mama mmoja kutoka Fizi, Kongo ya mashariki, alinitazama akaniuliza, "Mwanangu, sonona ni ugonjwa wa kifua?" Nikamwambia hapana, ni huzuni nzito isiyoondoka. Akasema, "Aa. Mimi sina huzuni. Mimi niko na mawazo mingi. Kichwa inajaa." Nikaweka 0 kwenye huzuni, kama karatasi inavyotaka. Jumla yake ikafika 8. Hakupelekwa mbele. Wiki tatu baadaye jirani yake alikuja ofisini kusema mama yule hapiki tena, watoto wanakula kwake.

Hili si kosa la mwandishi wa tafsiri, na dodoso lenyewe si baya. Kosa lilikuwa langu: nilijua Kiswahili chake na Kiswahili cha karatasi, nikachagua karatasi. *Mawazo* kwa mtu wa Dar ni fikra tu, ingawa naye akisema "ana mawazo" utaelewa kuna shida. Kwa mama wa Fizi *mawazo mingi* ndiyo ugonjwa wenyewe, una dalili zake, una mahali pake mwilini.

Nikaanza kutafuta kama kuna aliyepita njia hii. Wamepita, tena humu humu Uganda. Mwaka 2003 Paul Bolton na wenzake walichapisha jaribio la tiba ya vikundi katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, mikutano ya kila wiki kwa wiki 16, na waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wasiohudhuria. Kilichonishika ni hatua iliyotangulia: kabla ya kutibu waliwauliza wanakijiji wenyewe shida zao wanaziitaje. Wakapewa maneno ya Kiganda, *yo'kwekyawa*, kujichukia, na *okwekubazida*, kujihurumia. Wakapima hayo pamoja na ya vitabuni.

Na nyuma zaidi yupo Mary Ainsworth. Chuoni nilifundishwa nadharia yake ya mtoto kushikamana na mama kana kwamba ilizaliwa Marekani. Kumbe kabla ya chumba chake cha Baltimore, Marekani, alimochunguzia watoto na mama zao, mwanamke huyu alikuja Uganda mwaka 1954, akatembelea vijiji vya karibu na Kampala, familia 26 zenye watoto wachanga 28, akiangalia nani analia mama akiondoka na nani anatambaa kumfuata. Kitabu chake kilitoka 1967. Nilifanya mtihani wa nadharia hii umbali wa safari fupi ya takisi kutoka vijiji hivyo, na hakuna aliyenitajia. Au alinitajia nikiwa nimesinzia, siwezi kuapa.

Rasimu ya tatu basi inaanza na swali la mama: sonona ni ugonjwa wa kifua? Kisha inasema ninachotaka kusoma: namna ya kujenga na kujaribu maswali ya upimaji kwa Kiswahili cha Kongo ya mashariki, kama kinavyosemwa Nakivale, na takwimu za kuonesha kama maswali hayo yanapima kile tunachodai. Maneno 740. Sifa zangu zimebaki sentensi mbili.

24 Novemba

Mhadhiri amejibu: "Hii sasa ni barua." Ameongeza koma sita.

IELTS imetoka, 7.5 jumla, kuandika 7. Inatosha.

12 Desemba

Wadhamini. Kila programu inataka wawili, na mfumo unawatumia wenyewe barua pepe ya kupakia barua. Mhadhiri alimaliza siku hiyo hiyo. Wa pili ni mkubwa wangu wa kazi, mzee anayeheshimika, ambaye hutumia barua pepe yake binafsi ya miaka yote. Mfumo wa Uholanzi unataka anwani ya taasisi. Anayo, lakini nywila alipewa na kijana wa kompyuta aliyeacha kazi.

Nilikwenda ofisini kwake na soda mbili. "Mzee, shikamoo, nimekuja kukusumbua tena." Akasema, "Marahaba binti, soma hiyo inasemaje." Tulikaa saa mbili. Tulipofanikiwa kuingia tulikuta barua pepe 3,116 ambazo hazijafunguliwa. Alizitazama kwa utulivu wa ajabu, akafungua yangu peke yake, akaandika barua nzuri kuliko ninavyostahili, akafunga. Hizo nyingine hakuziuliza.

19 Desemba

Transkripti iliyosahihishwa imefika. Simu tisa. Afisa mwenyewe ni mtu mwema, alinicheka: "Wewe ndiye wa krediti moja?" Ndiye mimi.

6 Januari

Vidogo vidogo. Pasipoti ninayo tangu mwaka jana, shilingi 250,000, na ningeshauri kila mtu aanze nayo kwa kuwa fomu zinadai namba yake ukurasa wa kwanza. Wasifu nimeuandika kwa muundo wa Europass, unaotumika Ulaya. Nimeuliza pia kuhusu kuthibitisha vyeti: Uganda haimo katika mkataba wa Hague wa apostille, muhuri mmoja wa hati unaotambuliwa na nchi wanachama, kwa hiyo vyeti vyetu huenda Wizara ya Mambo ya Nje na kisha ubalozini. Lakini programu zote mbili zimenijibu kwamba kwenye maombi skani inatosha, muhuri wa ubalozi ni baada ya kukubaliwa. Nimeokoa nauli ya Kampala.

Wanataka pia uthibitisho wa makazi. Nikaenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Aliandika kwa mkono kwamba ananifahamu, kwamba mimi ni mkazi mtulivu, akagonga muhuri mara mbili, mmoja ulikuwa umefifia. Aliuliza barua inakwenda wapi. Nilipomwambia Ureno alivaa miwani akairudia upya kwa mwandiko bora.

14 Januari, usiku

Mwisho wa maombi ya Erasmus ni saa 23:59 kwa saa za Ulaya ya kati, maana yake kwetu saa saba na dakika 59 usiku. Nilidhani nina saa mbili za ziada za baraka. Umeme ukakatika saa tatu. Simu ikabaki asilimia 31, kompyuta 40. Nilimaliza kupakia kwa intaneti ya simu, hati ya mwisho ikakataa kwa kuwa ilizidi megabaiti 2. Nikaipunguza mpaka muhuri wa mwenyekiti ukaonekana kama doa la chai. Nikatuma saa sita na robo.

Ya Uholanzi nilikwisha kutuma siku tano kabla, pamoja na ada ya maombi ya euro 100, niliyolipa kwa kadi ya mtandaoni ya pesa ya simu. Ada hiyo hairudishwi. Niliilipa nikiwa nimesimama, sijui kwa nini.

26 Februari

Mahojiano ya Erasmus kwa video, dakika 20, watu watatu. Nilikaa chumba cha ushauri, ndicho chenye mlango unaofungika vizuri. Mbuzi walikuwa nje.

Swali la tatu lilitoka kwa profesa mwanamke, mpole, asiyepepesa: ukiunda maswali mapya kwa Kiswahili cha Nakivale, utalinganishaje matokeo yako na ya mahali pengine? Si utakuwa umejifungia kwenye kambi moja? Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Nilisema ningeweka maswali yote mawili, ya kawaida na ya hapa, kwa watu wale wale, nione wapi yanakubaliana na wapi yanaachana. Kisha nikasema kwamba mama aliyepata 8 alikuwa analinganishika vizuri sana na dunia nzima, ila hakuwa anapika. Profesa aliandika kitu. Mwenzake akauliza kama ninajua R, ile programu ya kompyuta ya takwimu. Nikasema ninajifunza, ambayo ni kweli: najua kuchora grafu na kukosea mabano.

3 Aprili

Uholanzi wamenikubali, bila ufadhili. Ada ya mwanafunzi wa nje ya Ulaya kwa mwaka mmoja ningeilipa kwa mishahara ya miaka mitano nikiwa sili. Nimechapisha barua ya kukubaliwa nikaiweka kwenye faili hata hivyo. Krediti yangu ya nne imo humo.

17 Aprili

Erasmus: niko orodha ya akiba ya ufadhili, namba 5. Wakikataa walio juu, wanashuka. Wananipa hadi mwezi wa sita.

Mama yangu ameuliza namba 5 ni ya kupita au ya kuanguka. Nimemwambia ni ya kukaa. Akasema basi niende nikale.

29 Aprili

Namba 4.

8 Mei

Bado 4. Nimeacha kufungua barua pepe kabla ya chai.

Wiki iliyopita mkubwa wangu aliniita. Amesoma barua yangu ya kujieleza, aliihifadhi tangu Desemba. Ameniruhusu, shirika likishapata kibali cha maadili, tufanye vikao vidogo na akina mama wa Kongo: tusiwape dodoso, tuwaulize tu mtu aliyezidiwa wanamtambuaje na wanamwitaje. Maombi ya kibali ni kurasa 22, na kuna kipengele cha tafsiri kwa lugha ya washiriki. Nimeanza nacho leo. Yule mama wa Fizi siku hizi yuko kwenye kikundi cha Alhamisi, anapika tena, na nilipomweleza fomu ya ridhaa alinikatiza kwenye mstari wa kwanza.

"Hii neno *ridhaa*," alisema, "andika *kukubali*."

Nimeandika.